Lori Likikwama Matopeni: Kazi ya Kufuli ya Difu

Mkulima, kazi yako haiishi siku ya kuvuna. Mahindi yakiwa katika magunia, nyanya zikiwa katika masanduku, na matikiti yakiwa yamelundikwa kando ya mfereji, bado kuna safari. Mazao hayana bei mpaka yafike sokoni, na katika nchi yetu hii ya mto Tana, kuanzia Garissa mpaka Bura na Hola, yanafika sokoni kwa lori. Lori likikwama siku mbili, mahindi yatavumilia, lakini nyanya hazitavumilia. Na shafti ikivunjika katika jitihada za kulitoa, mwenye lori atapandisha nauli safari ijayo, naye atakayeilipa ni wewe.

Kwa hiyo si dereva peke yake apasaye kujua namna lori linavyopata nguvu za kutoka matopeni. Mkulima aliyepakia mazao yake naye yampasa ajue. Mwezi huu tutaeleza kifaa kimoja kilichomo katika malori mengi makubwa, ambacho watu wengi wamekisikia lakini wachache hukitumia ipasavyo. Kifaa hicho ni kufuli ya difu. Wengine huiita difu loki.

NJIA ZETU ZILIVYO

Lami ya kutoka Thika hufika Garissa, lakini mazao hayaoti kando ya lami. Shamba la umwagiliaji liko mtoni, na kati ya shamba na lami kuna njia ya udongo. Udongo wa kando ya Tana ni mzito na wenye kunata. Ukikauka ni mgumu kama tofali, tena una nyufa. Ukilowa, huteleza juu kama sabuni na kushika chini kama gundi. Wakulima wa Bura wanaujua vema, maana ndio wanaoulima tangu walowezi wa kwanza walipofika katika skimu ile mwaka 1981.

Ukienda upande wa Dadaab, Modogashe au Ijara utakuta mambo mengine. Kuna mchanga mwingi, na kuna laga, yaani mikondo ya maji ambayo karibu mwaka mzima ni mikavu. Mvua ikinyesha, hata kama ni mbali, laga hujaa kwa saa chache, kisha hukauka na kuacha tope jembamba juu ya mchanga. Lori laweza kukuta gurudumu la kushoto limo katika tope na la kulia liko juu ya ardhi ngumu. Hapo ndipo ilipo habari yetu.

DIFU NI NINI

Twaa mkokoteni wa punda. Una magurudumu mawili, na kila moja huzunguka kwa hiari yake, kwa sababu hakuna linalosukumwa na injini. Punda ndiye anayevuta. Mkokoteni ukipinda kona, gurudumu la ndani huenda polepole na la nje huenda upesi, wala hakuna tabu yo yote.

Lori si hivyo. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayolisukuma. Nguvu hutoka katika injini, hupita katika giaboksi, huenda nyuma kwa propela, na huingia katika lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Bonge hilo ndimo ilimo difu. Kutoka humo, shafti moja huenda gurudumu la kushoto na shafti nyingine huenda gurudumu la kulia.

Kama shafti hizo mbili zingekuwa chuma kimoja, magurudumu yote mawili yangelazimika kuzunguka sawasawa siku zote. Lakini tufanye hesabu. Tuseme lori linapinda robo ya duara, na gurudumu la ndani liko mita 8 kutoka kitovu cha kona. Magurudumu yakiwa yameachana mita 2, la nje liko mita 10. La ndani litakwenda karibu mita 12 na nusu, na la nje litakwenda karibu mita 15 na sentimita 70. Tofauti ni zaidi ya mita 3 katika kona moja tu. Kama magurudumu yamefungwa pamoja, hizo mita 3 zitatoka wapi? Lazima mpira mmoja uburuzwe juu ya lami, au chuma kipindwe.

Difu iliundwa kuondoa shida hiyo. Si jambo la jana. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliitumia katika gari la mvuke miaka ya 1820, kabla ya kuwako injini za petroli au dizeli. Ndani yake kuna meno madogo yanayoweza kuzunguka kati ya shafti mbili, hata gurudumu moja likapunguza mwendo na jingine likaongeza, na huku yote mawili yanaendelea kusukumwa. Kwa kona ni kifaa bora. Kwa matope kina ila moja kubwa.

ILA YA DIFU

Ila yenyewe ni hii: difu hulipa kila gurudumu nguvu sawa na mwenzake, na nguvu hiyo haiwezi kuzidi ile inayopokelewa na gurudumu lililo dhaifu. Gurudumu lililo katika tope telezi halina pa kushika. Haliwezi kusukuma sana, basi hata lile lililo juu ya ardhi ngumu halipati zaidi.

Tuweke kwa hesabu nyingine ya kufikirika, kama shuleni. Tuseme lori lahitaji msukumo wa kilo 900 ili litoke shimoni. Gurudumu la kulia liko juu ya ardhi kavu, nalo laweza kusukuma kilo 1,500 kabla ya kuteleza. La kushoto limo katika tope, nalo huteleza likifika kilo 100 tu. Difu ikiwa wazi, la kushoto litatoa 100, na la kulia nalo litatoa 100. Jumla ni 200. Lori haliendi. Dereva akikanyaga mafuta, gurudumu la kushoto litazunguka kama feni, litarusha tope na kuchimba shimo, na la kulia litasimama tuli. Watu husema, "Injini haina nguvu." Sivyo. Injini ina nguvu tele, ila nguvu zinapotea upande mmoja.

Hata injini ikiwa kubwa mara mbili, jumla itakuwa ile ile 200. Kinachopungua ni dizeli, na kinachoongezeka ni kina cha shimo.

KUFULI INAFANYA NINI

Kufuli ya difu hufunga shafti mbili zikawa kama chuma kimoja. Ndani ya ekseli kuna kipande chenye meno kinachosukumwa, mara nyingi kwa upepo ule ule wa breki, hata kikaumana na meno mengine. Meno yakishikana, magurudumu mawili hayana budi kuzunguka pamoja. La kushoto haliwezi tena kukimbia peke yake.

Rudi katika hesabu yetu. La kushoto bado laweza kilo 100 tu. Lakini la kulia sasa laweza kutoa nguvu zake zote, kilo 1,500. Jumla ni 1,600, na zilizotakiwa ni 900. Lori litatoka bila kelele.

Angalia vema neno hili, maana ndilo kiini cha makala hii: kufuli haiongezi nguvu ya injini, wala haiongezi mshiko wa ardhi. Inaziacha tu nguvu zende kwa gurudumu lenye mahali pa kushika. Kama magurudumu yote mawili yamo katika tope la kilo 100, kufuli itakupa 200, sawa na kabla ya kufunga. Hapo dawa si kufuli, dawa ni koleo.

Mwenye trekta wala hatashangaa kusikia haya. Trekta nyingi zina pedali ndogo karibu na kisigino cha mguu wa kulia. Gurudumu moja likiteleza wakati wa kulima, dereva huikanyaga, na magurudumu mawili huvuta pamoja. Akifika mwisho wa shamba huiachia kabla ya kugeuka. Kufuli ya lori ni ndugu ya pedali hiyo, na sheria yake ni ile ile.

LORI LA EKSELI MBILI NA LA EKSELI TATU

Lori dogo lina ekseli moja mbele na moja nyuma. Likiwa na kufuli, ni moja tu, ile ya kufunga gurudumu la kushoto na la kulia. Malori mengine madogo hayana kabisa. Basi muulize dereva kabla hamjafika matopeni.

Lori la ekseli tatu, lile ambalo watu huliita la magurudumu kumi, mara nyingi lina ekseli mbili za nyuma zinazosukuma. Humo mna difu tatu: moja katika kila ekseli, na ya tatu inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma katika hizo mbili. Ikiwa difu zote ziko wazi, gurudumu moja tu likiteleza hupoteza nguvu za yote manne.

Kwa hiyo lori kama hilo laweza kuwa na kufuli za namna mbili. Ya kwanza ni kufuli ya kati ya ekseli, ambayo huzifunga ekseli mbili ziende pamoja. Ya pili ni kufuli ya magurudumu, ambayo hufunga kushoto na kulia. Utaratibu ni kufunga kwanza ya kati ya ekseli. Ikiwa ekseli moja imo katika tope na nyingine iko juu ya ardhi ngumu, hiyo moja yatosha. Ikiwa kila ekseli ina gurudumu linaloteleza, ndipo funga na ya magurudumu. Kufungua ni kinyume chake: fungua kwanza ya magurudumu, kisha ya kati ya ekseli.

Kuna sababu ya utaratibu huo. Kufuli ya kati ya ekseli bado huacha magurudumu ya kushoto na kulia yatofautiane, basi usukani hugeuka bila shida kubwa. Kufuli ya magurudumu hulifanya lori litake kwenda moja kwa moja tu. Dereva akizungusha usukani, magurudumu ya mbele huburuzwa juu ya tope na lori huendelea mbele, pengine mpaka ndani ya mfereji.

Lori lenye kusukuma kwa magurudumu ya mbele pia, kama yale yaliyotoka jeshini, laweza kuwa na kufuli nyingine zaidi. Kufuli ya ekseli ya mbele ndiyo ya mwisho kabisa kufungwa na ya kwanza kufunguliwa, maana ikifungwa usukani huwa mgumu mno.

NAMNA YA KUFUNGA

Swichi ya kufuli huwa mbele ya dereva, nayo yaweza kuwa na picha ya ekseli yenye alama ya X katikati. Malori hayafanani yote, kwa hiyo kitabu cha lori ndicho chenye neno la mwisho. Lakini mwendo wa kazi ni huu:

1. Funga kabla ya kukwama. Dereva akiona tope mbele, na asimame juu ya ardhi ngumu, ateremke, alitazame kwa macho yake, kisha afunge. Kungoja mpaka lori limezama ndilo kosa la kwanza la wengi.

2. Funga lori likiwa limesimama, au linatambaa pole sana bila gurudumu kuteleza. Kanyaga klachi, bonyeza swichi, kisha achia klachi taratibu. Meno huenda yasikutane mara moja. Lori likisogea kidogo, yataingia na taa itawaka. Usiingie matopeni kabla ya taa kuwaka.

3. Kamwe usifunge huku gurudumu linazunguka kwa kasi. Meno ya kufuli hukuta chuma kinachokimbia na chuma kilichosimama. Huvunjika meno, au hukatika shafti. Hilo ndilo kosa la pili, tena ndilo la gharama kubwa. Gurudumu likiwa tayari linazunguka bure, ondoa mguu katika mafuta, acha lisimame kabisa, ndipo ufunge.

4. Tumia gia ndogo, na uichague kabla ya kuingia. Nenda polepole kwa mwendo usiobadilika. Usibadilishe gia katikati ya tope, wala usikanyage mafuta kwa pupa.

5. Nenda moja kwa moja. Kama njia ina kona, panga kuivuka kona hiyo kabla ya kufunga au baada ya kufungua.

KUFUNGUA NI KAZI SAWA NA KUFUNGA

Lori likishafika pakavu, watu hushangilia, utingo hurukia juu, na dereva huondoka mbio. Kufuli imesahauliwa. Hilo ndilo kosa la tatu.

Kumbuka zile mita 3 za kona. Matopeni gurudumu laweza kuteleza kidogo na kulipa tofauti hiyo. Juu ya lami au ardhi ngumu haliwezi. Mpira hushika, chuma hujipinda, na kila kona huongeza. Kwanza utasikia mipira ikilia na usukani ukiwa mzito. Kisha shafti hukatika, au meno ya difu hukwanguka. Mambo hayo huenda yasitokee pale pale, bali katika safari ya tatu au ya nne, na mwenye lori akasema kwamba chuma kilikuwa kibovu.

Basi ukitoka matopeni, simama au tambaa, ondoa mguu katika mafuta, fungua swichi, na utazame taa. Taa ikikataa kuzima, meno yamebanana. Usiende hivyo hivyo. Rudi nyuma kidogo kwa mstari ulionyoka, au nenda mbele kidogo huku ukigeuza usukani kidogo kushoto na kulia, mpaka taa izime. Vile vile kumbuka kuwa katika malori mengi ya siku hizi, ule mtambo wa kuzuia magurudumu yasikwame wakati wa breki huacha kufanya kazi au hupungua nguvu kufuli ikiwa imefungwa. Ni sababu nyingine ya kutokwenda mbio.

MAMBO AMBAYO KUFULI HAIWEZI

Kwanza, haiwezi kuinua lori lililokaa kwa tumbo. Kama ekseli au chesisi imelala juu ya udongo, uzito umetoka magurudumuni, na gurudumu lisilo na uzito halishiki. Chimbueni kwanza udongo ulio chini ya ekseli na mbele ya magurudumu. Injini izimwe, na magurudumu yazuiwe, kabla mtu hajaingia chini. Lori lenye kufuli iliyofungwa halizungushi gurudumu moja bure. Hilo moja likigeuka, na mwenzake hugeuka, na lori huweza kusogea ghafula.

Pili, haitoshi peke yake katika mchanga mwingi. Huko magurudumu yote huzama kwa pamoja. Kupunguza upepo katika mipira kwa kadiri huifanya ikanyage mahali papana zaidi, na hilo husaidia kuliko kukanyaga mafuta. Lakini ukifika penye ardhi ngumu, lazima ujaze upepo tena kabla ya kwenda kasi, la sivyo mpira utapata moto na kupasuka.

Tatu, haifuti uzito uliozidi. Sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye mipira minne, na tani 18 kwa ekseli mbili za nyuma zilizo pamoja zenye mipira minane. Hizo ni za lori na mzigo wote, juu ya barabara nzuri. Katika udongo wa Tana uliolowa, mzigo halali juu ya lami waweza kuwa mzito mno. Safari mbili nusu nusu kutoka shamba hadi lami ni nafuu kuliko safari moja iliyolala njiani.

Nne, na hili lishike kuliko yote, kufuli haivuki mafuriko.

Mto Tana waweza kufurika Garissa bila tone la mvua kuanguka Garissa, kwa maana maji hutoka milimani, tena mabwawa ya juu, Masinga na mengineyo, yakijaa humwaga. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2023 na tena Aprili na Mei 2024, barabara ya Garissa ilipokatika upande wa Madogo. Tarehe 9 Aprili 2024 basi lililokuwa likienda Nairobi lilisombwa na maji huko Tula, katika Kaunti ya Tana River. Abiria 51 waliokolewa. Tarehe 28 mwezi ule ule, mashua iliyokuwa ikivusha watu penye barabara iliyofurika ya Kona Punda ilizama, na watu wakafa.

Dereva mwenye kufuli tatu aweza kudhani kuwa yeye si kama dereva wa basi. Na afanye hesabu hii. Kila mita moja ya ujazo ya maji inayosukumwa kando huinua tani moja. Bodi iliyofungika yenye upana wa mita 2 na nusu na urefu wa mita 10, ikizama sentimita 20 tu kabla ya maji kuingia ndani, huinuliwa tani 5. Uzito huo wote umeondoka juu ya mipira. Na huku maji yanasukuma ubavuni. Kufuli hugawa nguvu kwa gurudumu linaloshika, lakini hapo hakuna linaloshika. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Maji yanayokwenda, ambayo huoni chini yake, yangojewe. Nyanya zikioza hupandwa nyingine.

KAZI YAKO WEWE MKULIMA

Yaliyotangulia ni ya dereva. Haya yafuatayo ni yako, nayo yaweza kufanya kufuli isihitajiwe kabisa.

Siku ya lori ikijulikana, simamisha maji mapema katika mashamba yanayopakana na njia, ili njia ipate kukauka. Mara nyingi tope linalokamata lori halitoki mawinguni. Linatoka katika mfereji uliopasuka, au katika shamba la jirani aliyeacha maji usiku kucha yakafurika njiani. Zibeni mwanya wa mfereji kabla ya mavuno, na chimbeni kijitaro cha kutoa maji kando ya njia. Watu wachache wenye majembe kwa asubuhi moja waweza kuokoa mavuno ya kijiji.

Pakia kwa usawa. Magunia yote yakiwa upande mmoja, gurudumu la upande wa pili halikandamizwi, nalo ndilo litakaloteleza. Weka vizito chini na katikati, na karibu na ekseli zinazosukuma, wala usirundike vyote mkiani.

Wekeni tayari vitu vya kutandika: mabua ya mahindi, magunia makuukuu, au makuti ya mkoma yaliyokatwa mashina yenye miiba. Jihadharini na matawi ya mathenge. Ni mengi, tena yako karibu, tangu mti huo ulipoletwa Bura miaka ya 1980, lakini miiba yake hutoboa mpira, na lori lililokwama likiwa na pancha ni taabu mara mbili. Tandikeni mbele ya magurudumu yanayosukuma, yote mawili, gurudumu likiwa limesimama. Msitupe jiwe wala gogo chini ya gurudumu linalozunguka, maana laweza kurushwa likamvunja mtu mguu.

Watoto wakae mbali. Asisimame mtu nyuma ya magurudumu, wala karibu na kamba au mnyororo wa kuvutia. Mnyororo ukikatika hupiga kama risasi.

Na mwisho, sema na dereva kwa heshima kabla ya kupakia, si baada ya kukwama. Mwulize, "Bwana dereva, gari lako lina kufuli ya difu? Ya ekseli au ya magurudumu? Inafanya kazi?" Kufuli isiyotumiwa mwaka mzima huweza kushikwa na kutu na kukataa siku ya haja. Dereva mwema hatakasirika. Atajaribu swichi pale pale, juu ya udongo laini, kwa mstari ulionyoka, na nyote mtaona kama taa inawaka na kama inazima.

KWA UFUPI

Simama ulitazame tope. Funga mapema, magurudumu yakiwa yametulia. Nenda pole na moja kwa moja. Fungua ukifika pakavu, na uone taa imezima. Lori likikaa kwa tumbo, chukua koleo. Maji yakiwa yanakwenda, ngoja.

Mvua za masika huanza Machi na za vuli huanza Oktoba. Kabla hazijaanza, kamati ya kila kijiji na ikutane na wenye malori wanaobeba mazao yake, watembee pamoja njia yote tangu shambani hadi lami, na watie alama mahali pabaya. Mahali palipojazwa changarawe wakati wa kiangazi hapatahitaji kufuli wakati wa mvua.